Kofia ya baba yake

Mimi nachora wanamichezo. Nawachora kwa rangi ya mafuta ya kopo, ile ile tuliyokuwa tukichorea twiga na ndege pale Oysterbay, Dar es Salaam, nilipokuwa na miaka kumi na tisa na bado najifunza kazi kwa fundi wangu. Siku hizi wanaonunua kwangu si watalii. Ni wakusanyaji wa kadi za michezo hapa Marekani, watu wanaoendesha gari saa sita kufuata kipande cha karatasi ngumu chenye sura ya mchezaji aliyefariki kabla wao hawajazaliwa. Ndugu zangu nyumbani huniuliza biashara hiyo ikoje, na kila nikianza kueleza kwa simu naishia njiani, maana kila neno linadai maelezo yake. Basi leo nimekaa chini niandike.

Naishi Columbus, Ohio. Usiku napanga mizigo ghalani, mchana nalala kidogo, kisha nachora. Mara nne au tano kwa mwaka napakia gari na kwenda kwenye maonyesho ya wakusanyaji. Mengi ni madogo, kwenye kumbi za hoteli, meza arobaini hivi, Jumamosi moja na kwisha. Lakini lipo moja ambalo ndilo baba lao. Linaitwa National Sports Collectors Convention, wenyewe husema tu National. Lilianza Los Angeles mwaka 1980, na siku hizi huhamahama kati ya miji michache: Rosemont, pembeni ya uwanja mkubwa wa ndege wa Chicago, Cleveland, na mara moja moja Atlantic City. Hufanyika kila kiangazi, Jumatano hadi Jumapili. Fikiria Kariakoo siku mbili kabla ya Idi, ichukue yote uiweke chini ya paa moja lenye kiyoyozi, halafu kila mchuuzi awe anauza karatasi.

Na karatasi hizo zina bei ya kushtua. Kadi ya Honus Wagner, mchezaji wa besiboli, iliyotiwa ndani ya pakiti za sigara kati ya 1909 na 1911, iliuzwa kwa dola milioni 7.25 mwaka 2022. Mwaka huo huo kadi ya Mickey Mantle ya 1952 ikauzwa dola milioni 12.6. Yapo makampuni ambayo kazi yao ni kuipima kadi, kuipa alama kuanzia 1 hadi 10, na kuifungia ndani ya kasha gumu la plastiki lisilofunguka bila kuvunjwa. Kona moja ikilegea kidogo tu, alama inashuka, na thamani inashuka nayo. Ndiyo maana watu hao wana mikono ya upole sana. Nimewatazama miaka mingi sasa: hata anapoinua picha yangu ya kawaida, mkusanyaji huishika kwa kingo zake, kama mtu anayempokea mtoto mchanga.

Mara ya kwanza kwenda National ilikuwa 2019, Rosemont. Meza nzima sikuiweza, bei yake ilizidi kodi yangu ya nyumba ya mwezi, kwa hiyo nikakodi nusu kwa mzee mmoja muuza kadi kutoka Toledo. Nilibeba picha kumi na nne, zote za sentimeta 60 kwa 60, kipimo tulichozoea Oysterbay. LeBron James, Michael Jordan, Serena Williams, Usain Bolt. Sura kubwa, rangi kali, nukta nukta pembeni kama nilivyofundishwa. Watu walisimama, wakasifu, wakapiga picha kwa simu, wakaenda zao. Siku tano niliuza moja. Jumapili jioni nilizirudisha kumi na tatu garini, na kutoka Rosemont hadi Columbus sikuwasha redio.

Huyo mzee wa Toledo ndiye aliyenifungua macho, na namshukuru mpaka leo. Nilipokuwa nafunga mizigo aliniita, akafungua albamu yake na kunionyesha kadi ya mwaka 1953. Ilikuwa ya Satchel Paige, mrushaji mweusi wa besiboli ambaye wengi wanamhesabu miongoni mwa warushaji bora kupata kutokea. Jina lake wamelikosea, wameongeza herufi ya l mwishoni. Akaniambia nitazame vizuri. Nikatazama. Haikuwa fotografia. Ilikuwa picha ya kuchorwa kwa mkono: kivuli cha shavu kimepakwa kwa brashi, macho yametiwa rangi na mtu aliyekaa kitini kama ninavyokaa mimi. Mwaka huo kampuni ya Topps ilitengeneza kadi zake kutokana na michoro midogo ya rangi, na leo watu wanazitafuta kwa udi na uvumba. Mzee akasema wakusanyaji hawa hawawakatai wachoraji, ila kuta zao zimejaa tangu zamani na wengi wamekuja kwa ndege. Kisha akanionyesha ukurasa wa plastiki wa albamu yake, wenye mifuko tisa, kila mfuko na kadi yake. Akagusa mfuko mmoja uliokuwa mtupu. Hakuongeza neno.

Kadi ya kawaida ni inchi 2.5 kwa 3.5. Kwa sentimeta ni kama 6.4 kwa 8.9, ndogo kuliko kiganja changu.

Mwaka 2020 National haikufanyika kwa sababu ya korona, na ghala letu lilipunguza zamu. Nilikaa gereji miezi minane nikijifunza upya kuchora kitu kidogo. Aliyezoea rangi ya mafuta ya kopo anajua shida yake. Haichanganyiki kwa ulaini kama rangi ya maji. Inakaa juu ya ubao kama asali, inang'aa, na ukiigusa kabla haijakauka inakuachia alama ya kidole milele. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar mwishoni mwa miaka ya 1960 alitumia rangi hiyo kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani, ya kupaka baiskeli, na silingi bodi kwa sababu ilikuwa rahisi. Kutoka kwake tulirithi utaratibu: kwanza mandhari, iache ikauke, kisha umbo moja kubwa la rangi moja, liache likauke, kisha mistari, kisha nukta. Kila hatua inangoja ile ya kabla yake. Kwenye ubao wa sentimeta 60 kungoja huko hakuumi. Kwenye ubao wa inchi 2.5, ambako jicho zima la mchezaji ni nukta moja ya ncha ya sindano, kungoja ndiyo kazi yenyewe. Nilijifunza kuchora ishirini kwa pamoja, nimezipanga juu ya meza kama vitumbua, nikipaka ya kwanza hadi ya ishirini, halafu nalala, kesho yake naanza tena na ya kwanza. Harufu ilimfikia mwenye nyumba akaja kulalamika. Nikanunua feni kubwa, nikaanza kuchora mlango wa gereji ukiwa wazi hata Novemba, nimevaa koti na glavu zilizokatwa vidole.

Rosemont, 2021, niliuza thelathini na moja, dola arobaini kila moja. Kwa mara ya kwanza picha zangu zililipia meza, petroli na chumba cha hoteli, na kikabaki cha kumtumia Mama.

Niseme kidogo juu ya sheria, maana vijana wanaochora huniuliza sana. Huku mtu maarufu ana haki ya kuzuia sura yake isitumiwe kibiashara bila ruhusa, na nembo za timu ni mali ya timu. Je, mchoraji afanye nini? Ipo kesi iliyoanzia huku huku Ohio. Mchoraji Rick Rush alichora ushindi wa Tiger Woods kwenye mashindano ya gofu ya Masters ya 1997, akamweka Woods katikati na mabingwa wa zamani wakimtazama kutoka juu. Nakala zikachapwa na kuuzwa, na kampuni inayosimamia haki za Woods ikamshtaki mchapishaji. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba ile ni kazi ya sanaa, mchoraji ameongeza fikra zake juu ya tukio, na inalindwa kama uhuru wa kusema. Hiyo haina maana kwamba kila kitu ruksa. Hukumu nyingine zimekwenda upande wa pili, hasa pale mchoraji alipotoa sura tupu na kuiweka kwenye fulana. Mimi nembo sichori, na sichori sura peke yake. Nachora tukio. Nilianza hivyo kwa kuogopa mahakama, nikaja kugundua kwamba ndivyo picha inavyokuwa bora.

Upande wa pili wa sheria hiyo umeniuma mwenyewe. Mfanyabiashara mmoja alinunua picha yangu kubwa kwa dola mia nne, halali kabisa, tukapeana mikono. Miezi sita baadaye nikaikuta kwenye maonyesho ya mji mwingine, imechapwa kwenye karatasi nzuri, nakala mia mbili zenye namba, na saini yangu imekatwa chini. Nilipomwambia akajibu kwamba picha ni yake, ameinunua. Kwa sheria ya huku anayenunua picha amenunua ule ubao na rangi iliyo juu yake. Haki ya kuitoa nakala inabaki kwa mchoraji mpaka aiuze kwa maandishi. Hakujua, au hakutaka kujua. Sikuwa na fedha za wakili wala siku za kuchukua likizo. Tangu hapo kila picha ninayouza ina kikaratasi nyuma chenye sentensi mbili juu ya hakimiliki, na namwomba mnunuzi aisome mbele yangu. Wakusanyaji wa kweli hawajawahi kukasirika. Wengine wanafurahi, kwao karatasi yoyote ya ziada ni ushahidi kwamba kitu ni halisi. Anayechora akiwa Dar au Mombasa na afanye vivyo hivyo, kwa sababu picha zetu zinasafiri mbali kuliko sisi.

Sasa nifike Cleveland, Julai 2024, maana hapo ndipo nilipokuwa nataka kufika tangu mwanzo.

Maonyesho yalikuwa kwenye ukumbi wa I-X Center kando ya uwanja wa ndege, jengo lililojengwa wakati wa Vita Kuu ya Pili kuwa kiwanda cha ndege za mabomu. Nilikwenda siku moja mapema ili nipitie kwenye makumbusho ya sanaa ya mji huo, ambako kuingia ni bure. Kuna picha pale ambayo kila anayechora michezo anapaswa kuiona walau mara moja: mabondia wawili wa George Bellows, aliyezaliwa huku kwetu Columbus mwaka 1882 na kucheza besiboli chuoni kabla hajahamia New York. Aliichora mwaka 1909. Nilisimama mbele yake mpaka miguu ikaniuma. Mabondia wamefungamana, misuli imevutika kama kamba za jahazi, lakini sura zao huzipati. Zimejificha kwenye bega na mkono. Sura unazozipata ni za watazamaji waliojazana chini ya kamba, jasho, meno, macho yametoka, na mmoja amegeuka kututazama sisi huku ananyoosha kidole. Bellows aliwapa sura watu waliokuwepo. Nililala na jambo hilo kichwani.

Kesho yake, kwenye saa nane hivi mchana, akaja mzee. Mweusi, mrefu, amevaa suti ya kijivu katika ukumbi ambao kila mtu amevaa jezi, na fimbo ya kutembelea yenye kishikio cha shaba. Alisimama mbele ya meza yangu muda mrefu bila kugusa kitu. Nikamvutia kiti, kwetu mzee hasimami mbele yako ukiwa umekaa. Akakaa. Nilikuwa na Satchel Paige wanne wadogo, nikamwonyesha. Akawatazama mmoja mmoja, akasema ni wazuri, kisha akasema, "Lakini mimi sikumwona hivi."

Nikamuuliza alimwonaje.

Akanisimulia usiku wa Agosti 20, 1948. Alikuwa na miaka minane. Paige alikuwa amejiunga na timu ya Cleveland mwezi uliotangulia akiwa na miaka arobaini na miwili, baada ya maisha yote kuchezea ligi za weusi kwa sababu zile kubwa hazikumtaka. Usiku ule alirusha dhidi ya Chicago. Uwanja wa manispaa ulijaa watu 78,382. Cleveland walishinda 1 kwa 0, na Paige hakuruhusu pointi hata moja. Mwaka huo timu ikachukua ubingwa, na haijauchukua tena hadi leo. Hayo yote yameandikwa, nimeyasoma. Ambayo hayajaandikwa ni haya: baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha chuma, alikuja uwanjani moja kwa moja kutoka zamu, wakakaa juu kabisa nyuma ya nguzo. Mtoto alikuwa haoni kitu. Baba akambeba mabegani kuanzia mwanzo hadi mwisho wa mchezo, mtu aliyetoka kuinua vyuma kutwa nzima. Kila Paige aliporusha, baba alivua kofia, na mtoto aliyeko juu yake akawa anaishika ile kofia isianguke. Paige kutoka kule juu alikuwa mdogo kama punje ya mchele. Mzee hakumbuki mrusho hata mmoja. Anakumbuka utepe wa ndani wa kofia, ulivyokuwa umelowa na jasho.

Nilimuuliza kofia ilikuwa rangi gani. Alifikiri sana. Kahawia, akasema, na utepe mweusi kwa nje, na upande mmoja una alama ya mafuta ya mashine. Niliandika kila neno nyuma ya bahasha.

Nilichora miezi miwili. Ubao wa sentimeta 60 kwa 60, nimerudia kipimo cha Oysterbay. Chini, karibu kabisa na jicho, ni kofia ya kahawia inayoshikwa na mikono miwili midogo. Nyuma yake vichwa, mamia ya vichwa, nukta nukta nukta, na hapo nukta za Tingatinga zilifanya kazi ambayo sijawahi kuziona zikifanya, kwa sababu umati wa watu usiku uwanjani ndivyo ulivyo hasa, nukta zisizohesabika. Nguzo imekata picha upande wa kushoto. Na mbali kule katikati ya kijani, chini ya taa, punje moja nyeupe. Huyo ndiye Paige. Uso hana.

Nilimpelekea mwenyewe, saa mbili na ushei kwa gari. Binti yake alifungua mlango. Mzee aliiangalia akiwa amesimama, akaweka kidole juu ya alama ya mafuta kwenye kofia, akakaa. Nilikuwa nimemtajia dola mia tano, akanipa mia saba, na nilipokataa binti yake akanifuata hadi garini akazitia kwenye mfuko wa koti langu.

Tangu siku hiyo meza yangu imebadilika. Vidogo bado nachora, ndivyo vinavyolipa petroli. Lakini nina daftari, na anayesimama kwa muda namuuliza swali moja: ulikuwa wapi siku hiyo? Hilo tu. Huku watu wanalilia swali hilo bila kujua. Mama mmoja muuguzi aliniambia juu ya Juni 19, 2016, mchezo wa saba wa fainali ya mpira wa kikapu, Cleveland na Golden State wakiwa 89 kwa 89 na chini ya dakika mbili zimebaki, LeBron akakimbia uwanja mzima akaupiga mpira wa Andre Iguodala kwenye kioo. Mji huo ulikuwa umekaa miaka 52 bila ubingwa wa mchezo mkubwa wowote. Kila mchoraji wa Ohio amechora ule mruko, na mimi nimeuchora mara sita. Huyu muuguzi alikuwa zamu ya jioni, aliuona kwenye televisheni ndogo ya wodini, sauti imezimwa kwa ajili ya wagonjwa, na mgonjwa mmoja aliyekuwa hajasema neno siku tatu akanyanyua mkono. Basi nimechora mkono ule, na bomba la dripu, na mwanga wa bluu wa televisheni ukutani. Hakuna mchezaji kwenye picha. Mzee wa Toledo alipoiona alisema hiyo haitauzika. Ilikuwa imeshalipiwa.

Na hapo ndipo nilipojikuta na deni langu mwenyewe.

Tangu naanza maonyesho hayo nimekuwa na picha moja ya John Stephen Akhwari nyuma ya meza, naitundika kila mahali. Wamarekani wengi hawamjui, nami napenda kuwasimulia. Mexico City, Oktoba 1968, mbio za marathoni. Alianguka njiani akaumia goti. Mamo Wolde wa Ethiopia alishakwisha kushinda zaidi ya saa moja iliyopita, giza limeingia, watu wengi wameondoka, ndipo Mtanzania wetu akaingia uwanjani, mguu umefungwa bendeji, anachechemea, akamaliza wa 57 na wa mwisho. Walioanza walikuwa 75. Kwetu hiyo ni hadithi ya kila darasa. Picha yangu ni nzuri kwa ufundi, na wengi wamewahi kuniuliza bei. Lakini baada ya kofia ya yule mzee nilianza kuiona kama zile sura kumi na tatu nilizorudi nazo kutoka Rosemont. Nilijiuliza swali langu mwenyewe. Nilikuwa wapi? Nimezaliwa 1983. Mimi Akhwari nilimwona ndani ya mfuniko wa sanduku la bati la Baba. Kila alipofungua kutoa shati la Ijumaa, picha iliyokatwa gazetini ilikuwa imebandikwa pale kwa uji wa ngano, mtu anayekimbia, mguu una bendeji, na harufu ya naftalini. Baba alikuwa ananisimulia huku anafunga vifungo.

Basi hilo ndilo nitakalochora, nikasema. Mfuniko wa sanduku. Nikampigia Mama kumuuliza rangi.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba baba, hujambo? Umekula?"

Nikamweleza. Sanduku bado liko kwake Mwananyamala, chini ya kitanda, anahifadhia vitenge. Akaenda kulivuta, nikasikia bati linakwaruza sakafu. Akaniambia ni la kijani, kutu kwenye bawaba, kufuli halipo. Picha ipo lakini imeliwa na mende pembeni. Nikamwomba aniwekee simu karibu niione.

Ilikuwa picha ya Filbert Bayi.

Christchurch, Februari 1974, mita 1,500. Alitangulia tangu mlio wa bastola, akavunja rekodi ya dunia, 3:32.2, na John Walker nyuma yake. Kijana mwembamba, miguu yote miwili mizima, hana bendeji mahali popote.

Nikamwambia Mama haiwezekani, Baba alikuwa na picha ya Akhwari, mimi naikumbuka bendeji. Mama akanyamaza kidogo. Akasema Akhwari Baba yako alikuwa anamsimulia kwa mdomo tu, picha yake hakuwahi kuwa nayo. "Bendeji ilikuwa ya kwake mwenyewe, baba. Aligongwa na pikipiki Manzese, wewe una miaka minne. Miezi mitatu alikuwa anakwenda hivyo hivyo kwenye cherehani, kwa mguu, kwa sababu nauli ilikuwa ya unga. Asubuhi alikuwa anakaa juu ya sanduku hilo nimfunge. Wewe ndiye uliyekuwa unanishikia mkasi."

Hilo la mkasi silikumbuki kabisa.

Sikuipeleka picha yoyote ya Akhwari Rosemont mwaka huu. Ile ya zamani nimeiteremsha, iko gereji imegeuzwa ukutani. Ubao mpya nimeshaupiga msasa na kuupaka tabaka la kwanza la kijani, na nimemuuliza Mama mambo mengine matatu: bendeji ilikuwa nyeupe au ya rangi ya kahawa, alikuwa anamfunga kuanzia juu au chini, na mkasi ulikuwa upi. Ya kwanza na ya pili amenijibu. Ya tatu amesema anautafuta, anaamini bado uko kwenye droo ya cherehani, na akiupata atanitumia picha. Kijani kitachukua siku mbili kukauka kwa unyevu huu wa Agosti, kwa hiyo sina haraka.